Swali la Tatu

Ubaoni niliandika beti ya mto:
"Mto umelala, umejifunika ukungu,
umekunja miguu kama mtoto mchanga."
Nikauliza: tamathali zipi? Dhamira ni nini?

Kilembe, kidato cha pili, saa nne asubuhi.
Thembo akasema tashbihi, kwa sababu ya "kama".
Sawa.
Biira akasema tashihisi,
mto hauna miguu, mwalimu. Sawa, keti.
Dhamira: amani. Wakaandika wote amani,
kalamu zikikwaruza kama kuku kwenye changarawe.

Ithungu hakuandika.
Nje Nyamwamba ulikuwa unasaga mawe,
sauti tuliyoizoea hata hatuisikii.
"Mwalimu, aliyetunga hili anakaa upande gani wa daraja?"
Wengine wakacheka.
"Huu wetu una miguu," akasema. "Ulikuja usiku.
Ulipanda ngazi. Ulichukua godoro, mbuzi wawili,
na mlango, ukaubeba wima
kama mtu anayehama."

Nilitafuta jina la alichosema.
Kitabu changu kina majina kumi na mawili,
nayajua kwa ghibu.
Tashi..., nikaanza,
chaki ikanivunjikia.

Jioni nasahihisha. Swali la tatu, dhamira.
Ithungu ameandika mstari mmoja, kwa penseli:
*Anayeuona umelala hajalala karibu nao.*

Nimetia tiki. Halafu nimekaa tu,
kalamu nyekundu mkononi, taa ikififia,
nikiusikiliza.