Kidato cha Arobaini na Tatu

Vidonge vilikuwa kumi na vinne,
asubuhi kimoja, jioni kimoja,
kwa ajili ya mkojo ulioniunguza
kama niliyekunywa pilipili.
Siku ya tatu moto ulizimika.
Nikanunua mkate wa mdalasini, nikajipongeza,
nikarudi kazini na mfuko wangu wa barua.

Bergen ni mji wa mvua na ngazi.
Mvua sijawahi kuihesabu.
Ngazi nazijua kwa idadi:
vidato mia moja na kumi na viwili hadi kwa Bibi Ragnfrid,
sitini na vinane kwa yule fundi wa vinanda
asiyeandikiwa na mtu ila wanaomdai.
Miaka kumi na tisa nimepanda, nimeshuka,
nikipiga mluzi.

Siku ya sita ya vidonge,
kidato cha arobaini na tatu,
ta!
Kama mtu amevunja kijiti kikavu nyuma yangu.
Niligeuka nimwone. Hapakuwa na mtu.
Barua zikatangulia kushuka bila mimi,
bili ya umeme ya mtu fulani ikaelea mferejini.

Usiku ule Torleif alikikunjua kikaratasi cha ndani ya boksi,
kikawa kirefu kama kitambaa cha meza.
Akavaa miwani. Akatafuta miwani nyingine.
Akasoma, kidole kikifuata mstari:
kwa nadra, kano huweza kukatika.

Nadra.
Neno safi, limevaa koti jeupe, limenawa mikono.
Nadra ni watu wengine,
mpaka asubuhi moja uamke, nadra ni wewe.

Kano ilishonwa. Ina kovu;
kovu watu huliona, huliamini,
hukuachia kiti kwenye basi.
Lakini nyayo zinazowaka usiku
kama nimesimamishwa juu ya majivu ya moto,
vidole visivyojua kama vimeshika kijiko au hewa,
usingizi unaofika hadi mlangoni
ukaondoka bila hata kubisha hodi,
hayo nimwonyeshe nani?
Vipimo vyote hurudi safi.
Daktari mpya, kijana mpole, ananiuliza
kama nyumbani kuna amani.
Nyumbani kuna amani, daktari.
Vita viko kwenye nyayo.

Dada yangu Gunnvor husema: si afadhali, ungekufa?
Najua.
Babu yetu Eilert alichomwa na mwiba wa samaki
akafa kwa kidole, ana miaka thelathini na mmoja,
kwa kukosa kidonge kama kile.
Siilaani dawa.
Nasema tu: ugonjwa nilipona,
dawa bado sijapona.
Huu ni mwaka wa nne.

Sasa nafanya kazi nimekaa, kwenye ukumbi wa kuchambulia barua.
Anwani zinapita mikononi mwangu
nami kila moja naipanda kwa kichwa,
napumzika penye kona, namkwepa yule paka.
Kijana aliyechukua njia yangu, Sunniva, aliniuliza:
kwa Ragnfrid vidato vingapi?
Nikamtajia. Akasema, mbona hata sihesabu.
Sikumjibu. Hata mimi nilipokuwa mzima
nilihesabu kwa raha, si kwa hofu.

Jumapili njema hufika vidato thelathini.
Torleif hunifuata nyuma amebeba kigoda,
anajifanya ana shughuli zake.
Cha arobaini na tatu nakitazama kutoka chini,
darasa nililofeli.

Jumapili iliyopita Ragnfrid alishuka mwenyewe kunisalimu,
ana miaka themanini na minne,
mkono mmoja mwavuli, mwingine chupa ya jamu.
Vyote mia moja na kumi na viwili, akasema,
na leo hata goti halijalalamika!

Nilimkumbatia. Nikamwambia, hongera.
Jamu ilikuwa tamu.
Wivu ulibaki mdomoni baada yake.