Pishi ya Mfuto

Nilikopa elfu arobaini.
Nikatia mkononi thelathini na nane;
mbili zilibaki mezani, wakaziita ada ya fomu.
Kila Jumanne elfu moja na mia mbili,
Jumanne hamsini na mbili.
Nimezidisha kwa penseli ya Dulani
nyuma ya daftari lake la hesabu,
nikazidisha tena, nikidhani nimekosea:
sitini na mbili elfu na mia nne.
Mwalimu wake angenipa vema.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga.
Hawakufika Galwewa.
Sisi tulianza na matanga:
mimi nilikopa jeneza la Wimalasiri,
Somalatha alikopa nauli ya mumewe kwenda kusafishwa figo,
Chandrawathi alikopa ili alipe alichokopa,
na kile cha kwanza kabisa kilikuwa cherehani,
ambayo leo inashona sare za watoto
kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Walitufunga kumi kwa kamba moja, wakaiita umoja.
Akianguka mmoja, tisa wanamlipia.
Hivyo ndivyo nilivyojifunza kumchukia Indrani,
aliyeniosha nilipojifungua.

Jumanne ina sauti yake. Pikipiki huzimwa kwenye daraja la mfereji
ili isisikike, lakini mbwa wetu anaijua hata ikizimwa:
huingia uvunguni kabla yetu.
Nuwan hatukani. Wenzake hutukana, yeye hapana.
Huvuta kiti cha plastiki, huweka kofia ngumu magotini,
huomba maji, hukaa.
Saa kumi anakaa. Saa moja usiku anakaa.
Majirani wanapita wakihesabu viatu mlangoni.
"Dada, siwezi kurudi mkono mtupu."

Somalatha ndiye aliyesema basi.
Asiyekuwa nayo Jumanne asijifiche mpungani na nyoka,
aje ghala la mbolea, tukae wote tuonekane.
Siku ya kwanza tulikuja saba,
na Indrani, nane. Hakunitazama. Alinisogezea mkeka.

Tuliandika barua. Mimi niliiandika, mara tano,
kwa sababu kila mtu alitaka jeneza lake liwemo.
Majina mia sita na kumi na matatu,
mengine ni dole gumba, kwa wino wa kuazima posta.
Saa nane ndani ya basi mpaka Kolombo,
Chandrawathi akitapika kwa adabu ndani ya mfuko.

Ofisa alikuwa na feni mbili.
"Mkiweka kikomo cha riba," alisema,
"wakopeshaji watakimbia. Nani atawakopesha?"

Somalatha akatoa kwenye kikapu pishi ya bati,
ile ya dukani kwa Jayasena, yenye kibonyeo.
"Bwana, muuza mchele akijaza hii
hupitisha kiganja juu ya ukingo. Mfuto.
Akiniuzia hupitisha. Akinunua kwangu, pia hupitisha,
maana mama yangu alimshika mkono siku moja mbele ya watu,
na tangu hapo hajakimbia, yupo, amenenepa.
Andika hivyo. Riba ya mfuto.
Kinachozidi ukingo kirudi kwa mwenye gunia."

Ofisa alicheka kidogo.
Kisha akauliza jina lake linaandikwaje.

Mswada umesomwa mara moja.
Wanasema bado mara mbili, na kamati,
na uchaguzi katikati. Sijui.
Ghala tumelifagia. Tumenunua mikeka.

Jumanne iliyopita Nuwan hakuzima pikipiki darajani.
(Pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Kampuni ile ile.)
Aliomba maji. Kisha akaomba karatasi.
Akaandika jina lake, na la baba yake, na namba ya kitambulisho:
mia sita na kumi na nne.
Akapangusa nembo ya kampuni kifuani
kama mtu anayepangusa vumbi. Haikutoka.

Halafu akakohoa,
akafungua kitabu cha risiti.
"Dada. Elfu moja na mia mbili."