Kilele Kimoja

Mhenna alikuja Jumanne, kabla hatujawasha taa zote,
na mche wa mtende ndani ya gunia la mchele,
udongo wa Bahla bado umeng'ang'ania mizizi.
"Mamaye kaliwa," akasema. "Dumuzi kaingilia juu.
Nimebaki na huyu tu."

Mwembe ukikatwa huchipua penye kovu.
Mndimu ukiupachika kijiti, gome kwa gome,
hushikana, maana chini ya gome lake
upo utando usiochoka kuzaa.
Mtende hauna utando huo.
Unene wake huupata utotoni, kisha hupanda tu,
na akili yake yote ya kukua ipo pahala pamoja,
juu, katikati, ndani ya makuti yaliyofumbatana.
Bibi yangu, kule Unguja, akipaita moyo wa mnazi.
Akisema, anayeula kala mti mzima.

Wala haukuwa mtende wenye jina sokoni.
Si khalasi, si fardhi, si khunaizi.
Ni kokwa aliyoitema mkewe, Ghaya,
kando ya falaji, mwaka walipooana;
ikaota yenyewe, ikazaa tende zenye ukakasi
ambazo mtu mwingine hakuzitaka.
Ghaya hayupo tena. Hilo hakulisema.
Nalijua kwa kuwa mji ni mdogo.

Nikauosha mche. Nikabandua kuti, chini yake kuti,
chini yake kuti changa lenye rangi ya maziwa,
kisu nikikipitisha motoni kila mara,
mpaka kikabaki kitone cheupe,
kidogo kuliko punje ya ufuta,
kinang'aa chini ya darubini kama jicho la samaki mbichi.

Humo seli hazijaapa kuwa chochote.
Si mwiba bado, si uzi, si ua, si mzizi.
Hugawanyika mbili, na mbili tena:
moja huteremka ikafundishwa kazi
na ikishafundishwa ni nadra kurudi;
nyingine hubaki pale pale juu,
kitoto cha miaka mia.

Mhenna akachungulia kwa jicho moja.
"Ndiyo yenyewe?"
"Ndiyo."
Akayatazama makuti ndani ya beseni.
"Na hizi?"
Sikuwa na jibu zuri. Nikasema, nguo.

Chupa arubaini, gizani, juu ya mwani ulioganda na sukari.
Miezi minne hamna kitu ila uvimbe wa rangi ya uji.
Ukungu ukachukua chupa kumi na tisa.
Nyingine zikageuka kahawia tu, bila kelele.
Nikaacha kupokea simu zake za Alhamisi.

Mwezi wa kumi na moja, chupa ya ishirini na sita,
uvimbe ukatoa kijipele,
na kijipele kikachagua: huku juu, huku chini.
Nani alikiambia? Nikailaza chupa ubavu, kumjaribu.
Kesho yake kilikuwa kimejipinda,
kinatafuta dari la maabara
kana kwamba ndiko mbinguni.

Nikapiga simu. Akanyamaza.
Nyuma yake nilisikia maji, na mtu anagombana na punda.
"Niandike jina gani kwenye lebo?"
"Andika namba," akasema.
"Tutaonja. Ukakasi ukiwepo,
niulize tena."