Bila Stakabadhi

Ligula, chumba cha mazoezi ya viungo, Jumanne.
Sista Nambunga kanishika kiwiko
kama mtu anayejaribu mlango mpya.
"Hii bawaba," kasema, "na msuli ni kamba.
Kamba haijui kusukuma, Bwana Mchopa.
Hata ukisukuma mkokoteni,
ndani yako kuna anayevuta."

Mimi msuli niliujua ule wa kujifunga kiunoni
nikitoka kuoga.

Akanipa jiwe la mizani, kilo tano.
"Kamba imefungwa hapa, vidole viwili toka bawabani;
mzigo uko kule, kiganjani.
Mkono ukibeba tano, msuli unalipa arobaini."

Nikacheka, mgongo ukanikataza.
Miaka kumi na tisa ghalani Tandahimba
nimeona mizani ikiwapunja wakulima wa korosho,
sikujua na mimi ninayo moja mwilini,
inanikata mara nane
bila stakabadhi.

Yale magunia! Kilo themanini themanini,
nimeyanyanyua miguu imenyooka,
mgongo umepinda kama ndoana,
mzigo mbali na kifua, utadhani wa jirani.
Nani alilipa?
Pingili ya nne. Ya tano. Kimyakimya.

"Kunja magoti. Ukumbatie."
Nikakumbatia ndoo tupu
mbele ya wagonjwa watatu na mtoto mwenye plasta mguuni
aliyenihesabia: moja, mbili...
Paja likatetemeka. Likashika.

Akasahau tatu, akawa ananitazama tu,
na mimi nikapanda polepole,
nikizisikiliza kamba
zinavyovuta, zote, kwa chini.