Maboksi Juu ya Jiwe

Mimi ni wa tatu kutoka mlangoni, meza ya minofu.
Sangara hunifikia mzima, huniacha vipande viwili,
mgongo wake ukitupwa kwenye toroli la mapanki.
Barafu huingia vidoleni, hukaa kama mpangaji asiyelipa.
Sote kofia, sote barakoa, sote buti nyeupe:
kinachobaki cha mtu ni macho.

Miaka sita nasoma macho.
Ya Nkwimba, yanayocheka kabla kichekesho hakijafika.
Ya mama Lugembe, yaliyofanya ukungu
tangu mwanawe aende Ukerewe asirudi.
Ya msimamizi, yanayohesabu hata pumzi.
Nikitoka zamu naondoka nayo,
nayapandisha mlima wa Igogo, ngazi kwa ngazi,
na kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kilo,
nayashusha ndani ya maboksi yaliyochanika.

Upande wa nje: SAMAKI WALIOGANDISHWA. UPANDE HUU JUU.
Upande wa ndani: watu.

Sikumwonyesha mtu. Ningesema nini?
Kwetu mchoraji ni yule anayeandika majina ya saluni,
akalipwa, akafuta mikono, akaenda.
Mimi nani aliniagiza?
Shuleni nilichapwa kwa kumchora mwalimu,
na fimbo ile bado imelala hapa,
kati ya kidole gumba na shahada.
Basi uvunguni. Maboksi arobaini na moja,
mbele yake sanduku, mbele ya sanduku gunia la mkaa,
ungedhani nimeficha maiti.

Usiku wa Jumamosi ziwa lilipanda angani, likashukia kwetu.
Maji yalipita mlangoni bila hodi,
yakajua moja kwa moja pa kwenda.
Alfajiri nimechuchumaa, mkono uvunguni:
yaoze, au yaonekane.

Sijui nilikaa hivyo muda gani.
Jua likatokea upande wa Mabatini,
likagusa jiwe kubwa nyuma ya nyumba,
lile la kuanikia mihogo na mashuka.
Nikabeba. Mawili mawili.
Niliyalaza kifudifudi, nyuso zikitazama jiwe,
kisha nikaona kadibodi haikauki hivyo.
Nikageuza.

Saa mbili watu wanashuka kwenda kanisani.
Mtoto aliyesimama kwanza alivutwa sikio na mama yake,
mama naye akasimama.
"Huyu si Nkwimba?"
"Ndiye! Mtazame, anataka kukucheka."
Mimi nimejibanza jikoni,
nakoroga uji ambao sijautia unga.

Kisha akaja mama Lugembe mwenyewe, kitenge cha ibada,
akalikuta lake, pembe moja bado imelowa,
akainama kama anayesoma barua.
"Mwangaluka," akaliambia boksi.
Nikasubiri anitukane. Nikasubiri alie.
"Kovu langu umelisahau," akasema, bila kugeuka.
"Hapa, juu ya nyusi. Nililipata utotoni, kwa jembe."

Hakusema nzuri. Hakusema mbaya.
Alisema kama mtu anayemwambia fundi cherehani
mkono huu umenibana.
Na mimi, niliyesubiri sifa miaka sita
huku nikiogopa matusi miaka sita,
sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya hili tu:
mtu anikosoe kama fundi.

Nikatoka na kalamu. Wote wananitazama.
Mkono ukatetemeka. Wacha utetemeke,
kovu lenyewe halikunyooka.
"Sogeza kushoto kidogo."
Nikasogeza.

Jioni nimerudisha ndani thelathini na nane.
Mawili wenyewe wameyachukua, hawakuniomba,
wamenishikisha tu mkono na kuondoka nayo kichwani.
La tatu, la msimamizi,
sijui nani kalibeba,
na kesho ni Jumatatu.