Njia Mbili

Alizileta kwa guta, zimefungwa kamba ya katani kiunoni,
spika mbili ndefu kama watoto waliokatazwa kukaa.
Gerezani, saa nne asubuhi, nyundo za wahunzi zimeshapamba moto,
naye Mwinshehe akapaza sauti juu ya nyundo:
"Besi inammeza dada yangu, fundi Somoe.
Ngoma ikilia tu, yeye anazama."

Dada yake yumo kwenye mkanda. Harusi, Magomeni,
mwaka themanini na saba. Yeye ndiye aliyeimba.
Hayupo tena.
Sikuuliza zaidi. Nilishika bisibisi.

Skurubu nane. Ya nane imelika kichwa,
nikaibembeleza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
Ndani, pamba imegeuka njano, mayai ya mende,
na kibao cha krosova kimepigiliwa misumari
kama tangazo la kiwanja chenye kesi.
Hapo ndipo wote huingia kwa mlango mmoja,
kisha huambiwa: mzito, pita kwenye koili;
mwembamba, pita kwenye kapasita.
Mlango mmoja, jiko moja, ugomvi kila siku.

Nikamchorea kwa chaki sakafuni:
tutatoboa matundu mengine mawili nyuma,
tutakata kinachowaunganisha,
kila mmoja apewe amplifaya yake.
"Kama wake wenza," akasema.
"Kama wapangaji," nikasema. "Kila mtu na kitasa chake."
"Na LUKU?"
"LUKU ni moja. Hiyo yako."

Nikaikata shaba kwa wembe, taratibu.
Hasi nayo nikaitenganisha; wengi huisahau,
kisha wanashangaa moshi.
Kapasita ya zamani ilikuwa imevimba tumbo.
Nikaing'oa, nikaweka mpya, ya kipimo kilekile,
maana twita isiyo na kapasita
ni kifaranga barabarani, na lori linakuja.
Moshi wa lehemu ukaniingia jicho la kushoto.
Nikapima kwa mita: njia mbili, hazijuani.

Alasiri nikawasha ya juu peke yake.
Besi bado sijaipa waya.
Mkanda ukazunguka.
Dada akaja, mwembamba, bila ngoma, bila kiwiliwili.
Mwinshehe akavua kofia, akaishika kama sahani.

Na nyuma yake, vile vilivyofunikwa miaka yote:
kijiko kinaanguka kwenye sinia,
mtu anakohoa,
mtoto analia, analilia kitu, hanyamazi,
halafu dada, katikati ya ubeti,
bila kuyapoteza mahadhi hata kidogo:
"Mpeni Mwinshehe ukoko, jamani, anyamaze."
Akaendelea kuimba.

Waya wa besi ulikuwa mkononi mwangu, umeshamenywa ncha.
Kutoka kibanda cha pili mhunzi akauliza,
"Vipi, hiyo redio haina besi?"

"Fundi," Mwinshehe akasema, hakuniangalia,
"ngoja kwanza.
Bado nakula."