Kiatu cha Kulia

Kimeletwa ndani ya bahasha ya kaki, si plastiki,
maana kiatu hutoka jasho hata mwenyewe akishakimbia.
Cheusi, namba tisa, kisigino kimeliwa upande wa nje.
Inspekta Nyamvula kavua kofia, kaketi kwenye kigoda cha wateja:
"Fundi Shee, hiki ni cha nani?"

Miaka thelathini na mmoja hapa Mwembe Tayari
nimeinamia nyayo za watu ambao nyuso zao
nikikutana nazo Markiti sizitambui.
Mtu atakuongopea kwa ulimi, kwa jicho, hata kwa kiapo.
Soli yake haijui kuongopa; hajawahi kuifunza.

Nikatia mkono.
Gumba limechimba kishimo cha kutosha punje ya kunde.
Cha pili kimelipita gumba. Cha mwisho hakikugusa kitu.
Mwendo wa upogo, uzito wote kulia,
na saruji imeganda kwenye mshono.
"Mpagazi," nikasema.

Kalamu ya Inspekta ikachangamka.
Ghala la Shimanzi limevunjwa usiku wa Jumatano,
na kuna kijana ndani, Chengo, mpagazi,
kidole cha mwisho kilisagwa na kreti tangu mwaka juzi.
Basi, kwisha kazi.

Ngoja kwanza, mama.

Nchani mwa kiatu pamesokomezwa kitu.
Nikakivuta kwa koleo, polepole, kama mwiba:
gazeti, limekunjwa mara nne, wino bado unachafua vidole.
La Jumatano hiyohiyo.
Chengo kiatu kinamkaa; gumba lake limegonga hadi mwisho.
Nani basi aliyejaza karatasi ili mguu usipwaye?
Na juu ya karatasi, alama ndogo, hafifu,
ya vidole vilivyolala humo usiku mmoja tu.

Akanyamaza. Kisha, bila kunitazama:
"Alituambia viatu vyake vimeibwa barazani, Chaani.
Tulicheka.
Alikuja kituoni na ndara za kuazima, moja ya bluu, moja ya kijani."

Sikuuliza nani alicheka zaidi.
Nikachukua gundi, nikaanza kuziba pale soli ilipoachama;
mkono una mazoea yake.
"Acha, fundi. Huo ni ushahidi."
Nikaacha.

Macho yangu yakashuka chini, kwa mazoea vilevile.
Inspekta akaivuta miguu yake taratibu,
akaificha nyuma ya kigoda.